Kukiri, kukubaliana na Jamhuri au kuendesha kesi: njia tatu za mshtakiwa zikilinganishwa

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na ndugu wa mahabusu wanaotoka kuwaona watu wao katika gereza la Isanga, hapa Dodoma, wengine wakiwa bado wameshika mfuko wa sabuni na dawa ya meno, halihusu kama ndugu yao ana hatia au hana. Huuliza hivi: "Wakili, akikubali tu, atatoka lini?" Ndani ya neno hilo "kukubali" mna njia mbili zinazotofautiana kama usiku na mchana, na nyuma yake ipo ya tatu ambayo jamaa wengi huiona kuwa ni ukaidi wa kijana asiyetaka kusikia la mkubwa.

Njia ya kwanza ni kukiri kosa papo hapo, shtaka linaposomwa. Ya pili ni kufanya makubaliano ya kukiri kosa na upande wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, utaratibu ulioingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kwa marekebisho ya mwaka 2019 na kutungiwa kanuni zake mwaka 2021. Ya tatu ni kukana shtaka na kuiacha kesi isikilizwe, mashahidi waitwe na hukumu iandikwe. Namba za vifungu vya sheria hiyo sitazitaja, kwa sababu toleo la sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezipangua nyingi, na anayekwenda na namba ya zamani anaweza kufungua kifungu kinachozungumzia jambo jingine kabisa.

Yafaa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba njia hizi zote zimo katika mvutano mmoja. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, wakati Ibara ya 30 inakumbusha kwamba haki za mtu mmoja zisitumike kuvunja haki za wengine wala maslahi ya umma. Mwenye duka aliyevunjiwa pale Majengo ana haki ya kuona mwizi wake anaadhibiwa mapema. Kijana aliyekamatwa kwa kuvunja duka hilo ana haki ya kutoadhibiwa kwa kisa cha mwingine. Kila njia kati ya hizi tatu hugawa mzigo huo kwa namna yake, na ndiyo maana hakuna iliyo bora kwa kila mtu.

Kukiri papo hapo

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote na ndiyo inayoharibika kwa urahisi kuliko zote. Hakimu husoma shtaka, humuuliza mshtakiwa kama ni kweli au si kweli, kisha huandika jibu lake kwa karibu iwezekanavyo na maneno aliyoyatumia. Akikiri, mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio, mshtakiwa huulizwa tena kama anayakubali, na ndipo hutiwa hatiani. Ugumu wote umo katika hayo maneno "kwa karibu iwezekanavyo".

Tuchukue mfano wa kubuni ambao mtu wa Bahi au Chamwino ataufahamu mara moja. Kijana ameshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe, kosa ambalo Kanuni ya Adhabu inaliwekea kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Anaposomewa, anajibu: "Ni kweli ng'ombe nilimswaga mimi, lakini ni wa mahari ya dada yangu, mjomba alikataa kutugawia." Sikio lenye haraka litasikia "ni kweli" na kalamu itaandika kwamba amekiri. Sikio makini litasikia jambo jingine: kijana amekiri kumchukua ng'ombe na amekana kuiba, kwa kuwa sheria inatambua utetezi wa mtu aliyechukua mali akiamini kwa nia njema kuwa ana haki nayo. Jibu la namna hiyo lina utata, na linapaswa kuandikwa kuwa ni kukana. Kwa wazee wetu wanaoeleza mambo kwa Kigogo na kupitia mkalimani, hatari ya lile neno "lakini" kupotea njiani ni kubwa zaidi, na sijaona dawa yake nyingine zaidi ya mshtakiwa kuomba asomewe jibu lake kama lilivyoandikwa.

Faida ya njia hii ni kwamba kukiri mapema huhesabiwa na mahakama kuwa sababu ya kupunguza adhabu, na theluthi moja ndicho kipimo kinachotajwa mara nyingi. Faida hiyo ina ukuta wake, na ukuta huo ndio watu wasiouona. Kosa likiwa na adhabu ya chini iliyowekwa na sheria, kukiri hakuwezi kuishusha chini ya hapo. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Aliyekiri siku ya kwanza, akalia, akaomba radhi, na aliyeisumbua mahakama kwa miaka mitatu wanaweza kupewa miaka ileile 30. Kwa hiyo anayemshauri ndugu yake "akubali ili apunguziwe" katika shtaka la aina hiyo anampa ushauri usio na kitu ndani yake.

Isitoshe, aliyekiri hufungiwa mlango wa rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Hubaki na haki ya kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake, na mlango mwingine mwembamba aliofunguliwa na maamuzi ya mahakama: kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata, kwamba alikiri kwa kutoelewa, kwamba hati ya mashtaka haikuonyesha kosa, au kwamba maelezo aliyoyakubali hayakutosha kisheria kumtia hatiani. Kijana wa mahari angepita hapo, baada ya kukaa gerezani akisubiri rufaa yake ipangiwe tarehe.

Makubaliano na Jamhuri

Tofauti kubwa ya njia ya pili ni kwamba hapa mshtakiwa hakiri shtaka kama lilivyo. Kwanza hujadiliana kuhusu shtaka lenyewe. Mwendesha mashtaka anaweza kulibadilisha kuwa kosa dogo zaidi, au kuondoa baadhi ya makosa yaliyomo kwenye hati ili mshtakiwa akiri yaliyobaki. Hapo ndipo ule ukuta wa adhabu ya chini unapoweza kuzungukwa, kwa kuwa kosa lenye ukuta linaweza lisiwepo tena. Mfano mzito kuliko yote ni wa mauaji. Kuua kwa kukusudia kuna adhabu moja tu katika sheria zetu, nayo ni kifo. Kuua bila kukusudia kunaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji ana uhuru wa kushuka kadiri mazingira yanavyoruhusu. Ugomvi wa kilabuni ulioishia kwa mtu kupigwa fimbo moja ya kichwa unaweza kuanza kwa shtaka la kwanza na kumalizika kwa la pili.

Sheria imeyazungushia makubaliano hayo ulinzi ambao kukiri kwa kawaida hakuna. Mahakama hairuhusiwi kushiriki katika majadiliano. Asiyekuwa na wakili anaweza kusimamiwa na ndugu, rafiki au mtu mwingine mwenye sifa ya kisheria ya kumwakilisha. Makubaliano huandikwa, husomwa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kisha husainiwa, na kama mkalimani alitumika, naye huthibitisha kwa maandishi. Kabla ya kuyasajili, mahakama humwapisha mshtakiwa na kumweleza anachokiacha: haki ya kesi kusikilizwa yote, na haki ya rufaa isipokuwa kuhusu adhabu. Mahakama ikiona hakukubali kwa hiari yake, huyakataa na kesi huendelea. Ikija kubainika baadaye kwamba kulikuwa na udanganyifu au shinikizo, yanaweza kuombewa kutenguliwa.

Si kila kosa huingia humo. Uhaini, ugaidi, makosa ya kujamiiana yenye adhabu inayozidi miaka 5 au yanayomhusu mtoto wa chini ya miaka 18, na dawa za kulevya zenye thamani ya soko inayozidi shilingi milioni 20 yamewekwa kando. Kukutwa na nyara za Serikali, yaani wanyamapori au viungo vyao kama pembe za ndovu, zenye thamani inayozidi kiasi hichohicho huhitaji kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Kesi za Mahakama ya Mwanzo, ambazo kwa vijiji vingi vya Mpwapwa na Kongwa ndizo mahakama yenyewe, zina utaratibu wao mwingine, na sheria hii haizigusi.

Nasisitiza jambo moja ambalo watu huliruka wakikimbilia ukurasa wa mwisho kutafuta miaka ya kifungo: maelezo ya kosa. Mtu hufungwa na anachokikiri humo, na fidia huhesabiwa kutokana na hayo. Hati ikisema mbuzi 12 wakati mshtakiwa anakubali kuchukua mbuzi 3, na akasaini kwa sababu "tofauti ni mbuzi tu," basi ajue kwamba amri ya fidia inaweza kutolewa kwa mbuzi wote 12, na kwamba familia itakayouza shamba kulipa ni ya kwake. Hesabu hiyo inapaswa kumalizwa kabla ya kalamu kushikwa. Baada ya kusajiliwa, makubaliano huwa sehemu ya kumbukumbu za mahakama na huwafunga wote wawili, Jamhuri na mshtakiwa. Adhabu nayo hutolewa na mahakama, si na wakili wa serikali, kwa hiyo anayeahidiwa pembeni kwamba "utatoka leoleo" aulize ahadi hiyo imeandikwa wapi katika hati.

Kuendesha kesi hadi hukumu

Njia ya tatu ndiyo ndefu na ndiyo iliyojaa ulinzi wa mshtakiwa kuliko zote. Jamhuri hubeba mzigo wote wa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia, na akinyamaza anatumia haki yake. Ushahidi wa Jamhuri ukimalizika bila kuonyesha kwamba kuna kesi ya kujibu, huachiwa bila kufungua mdomo. Akitiwa hatiani katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ana siku 10 za kutoa kusudio la rufaa na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, kuhusu hatia na adhabu kwa pamoja.

Thamani ya njia hii huonekana zaidi pale kesi inaposimama juu ya maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yaliyochukuliwa kituoni. Watu wengi huamini kwamba mtu akishasaini maelezo hayo polisi, mambo yamekwisha na kilichobaki ni kukiri mahakamani. Sivyo. Sheria inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Inawataka wamjulishe haki zake, ikiwemo ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yaliyochukuliwa siku ya tatu, mtu akiwa hajaonana na yeyote, yanaweza kupingwa yasipokelewe.

Hapo ndipo ule mvutano niliouanza unapopimwa waziwazi. Ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria haupaswi kupokelewa, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuupokea kutanufaisha maslahi ya umma kwa kiasi kikubwa bila kuumiza isivyostahili haki na uhuru wa mtu. Kwa hiyo kosa la polisi halifuti kesi lenyewe kwa lenyewe, na uzito wa kosa la mshtakiwa haumpi polisi ruhusa ya kufanya atakavyo. Naipenda kanuni hii kwa sababu inamlazimisha hakimu kuyataja mambo yote mawili katika uamuzi wake badala ya kuficha moja. Lakini mizani hiyo huletwa mezani na anayepinga ushahidi tu. Aliyekiri, kwa njia ya kwanza au ya pili, amejiondoa katika mizani hiyo, hata kama maelezo yake yalichukuliwa kwa kipigo.

Gharama yake ni muda. Kesi huahirishwa kwa sababu shahidi hakuja, hakimu yuko kwenye kikao, au upelelezi haujakamilika. Marekebisho ya mwaka 2022 yalijaribu kuziba mwanya huo wa mwisho kwa kutaka upelelezi ukamilike kabla ya mtu kufikishwa mahakamani, lakini makosa makubwa yaliachwa nje ya sharti hilo. Jamhuri nayo inaweza kuiondoa kesi, na kuondolewa huko si lazima kuwe mwisho wa mashtaka.

Dhamana hubadilisha hesabu zote

Nimezipanga njia tatu kana kwamba mshtakiwa amekaa barazani akizipima kwa utulivu. Mwenye dhamana anaweza kukaa hivyo. Amepeleka wadhamini wawili wenye barua za mtendaji wa kijiji, analima, anakwenda mahakamani tarehe ikifika, na kesi ikichukua miaka miwili humchosha bila kumvunja. Kwake yeye urefu wa kesi ni usumbufu, na anaweza kuchagua kwa kuangalia ushahidi peke yake.

Asiye na dhamana hupima kwa kipimo kingine. Sheria ina orodha ya makosa yasiyodhaminika: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji wa fedha, ugaidi na mengineyo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba orodha hiyo inakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na orodha ikabaki. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeshtakiwa kwa utakatishaji wa fedha, hata awe na wadhamini kumi, husubiri hukumu akiwa ndani. Ukimwekea mtu huyo makubaliano mezani, anachokinunua kwa kukiri kwake huenda kikawa siku zake za uhuru, kuliko nafuu ya adhabu.

Septemba 2019 tuliliona hilo kwa idadi. Rais John Magufuli alishauri wanaoshtakiwa kwa makosa ya uhujumu uchumi wapewe siku 7 za kukiri na kurejesha fedha, na muda huo ulipokwisha Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba watu 467 walikuwa wameomba, wakiwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Serikali ilirejeshewa fedha kwa muda ambao kesi moja tu ingeweza kuutumia kwa kuahirishwa, na kwa upande wa kudhibiti uhalifu hayo ni mafanikio yasiyobishaniwa. Kwa upande wa haki, wiki moja ni muda mfupi mno wa kumtenganisha aliyeiba na aliyechoka, na makosa ya aina hiyo mara nyingi huambatana na shtaka la utakatishaji, ambalo dhamana yake haipo.

Ndiyo maana, kabla sijamshauri yeyote achague njia gani, huuliza swali hili: kama ungekuwa nje kwa dhamana leo, ungesaini hati hii? Akijibu ndiyo, tunaendelea na majadiliano. Akijibu hapana, kazi ya kwanza ni dhamana pale inapowezekana, au kuishinikiza kesi isonge, na hati husubiri. Wapo niliowauliza wakakaa kimya kwa muda mrefu, na kimya hicho huwa nakihesabu kama hapana.

Ipi imfae nani

Mwenye kosa dogo lisilo na adhabu ya chini, aliyetenda kweli na asiyebishania hata neno moja la maelezo yaliyosomwa, anafaidika na kukiri mapema, kwani majadiliano yangemchelewesha bure. Katika shambulio la kawaida au kosa jingine la kibinafsi lisilo kubwa, aangalie kwanza kama mahakama inaweza kuwapatanisha na mlalamikaji, jambo ambalo sheria inaliruhusu pale maslahi ya umma yasipodai adhabu.

Aliyetenda, na ushahidi dhidi yake ni mzito, lakini ameshtakiwa kwa kosa kubwa kuliko alichokitenda au kwa makosa mengi yaliyorundikwa pamoja, anafaa kwa makubaliano kuliko mtu mwingine yeyote. Mwathirika naye hapa anaweza kunufaika kuliko katika kesi ndefu, kwa sababu mwendesha mashtaka hutakiwa kushauriana naye inapowezekana, na fidia yake huandikwa ndani ya hati badala ya kusubiri mwisho wa hukumu. Mjane aliyeibiwa ng'ombe wawili mara nyingi huwataka ng'ombe wake kabla ya kutaka miaka ya mtu.

Anayebishania tukio lenyewe, kwamba hakuwepo, kwamba alitambuliwa kimakosa gizani, kwamba mali ni yake, aendeshe kesi. Huyu nisingemshauri akubaliane hata kwa punguzo kubwa, na ndugu zake wanaomsihi "akubali tu yaishe" ningewaomba wakumbuke kwamba rekodi ya kutiwa hatiani humfuata mtu hadi kwenye ajira na kwenye kesi ijayo. Kuhusu wakili, anayeshtakiwa kwa mauaji mbele ya Mahakama Kuu hupangiwa mmoja kwa gharama za Serikali. Mwingine asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na aombe mapema, kabla hajasomewa maelezo ya awali, kwa sababu anayoyakubali siku hiyo hayatahitaji tena kuthibitishwa na shahidi yeyote.

Kwa yule anayekwenda Isanga wiki ijayo akiwa na hati ya makubaliano ya kumweleza ndugu yake: ichukue nakala nzima badala ya kusimulia kwa kichwa, msomee maelezo ya kosa sentensi moja moja, na kila atakaposema "ndiyo, lakini", andika hicho kilichofuata baada ya "lakini" pembeni ya karatasi, uje nacho kwa wakili.